Robo Isiyo na Jibu

Hii ni sura ya thelathini. Wapo wanaoihesabu kuwa ya mia na hamsini, na sina ugomvi nao, maana zote mbili ziko kimo kimoja.

Mji ulikuwa gurudumu, na gurudumu lilikuwa limesimama wima. Nani alilisimamisha, na kabla ya hapo lilikuwa limelalia ubavu gani, hayo ni maswali ambayo watu wa pale waliwaachia wenye nafasi. Wao walikaa ukingoni mwake, milango mia tatu na sitini, ikihesabiwa kuanzia Kizingiti cha Mashariki kwenda juu mpaka Kileleni, kisha kuteremkia magharibi, kisha chini mpaka Shimoni, na kupanda tena mashariki pale hesabu ilipoanzia. Wale wa mashariki walio chini ya kizingiti hawakupenda namba kubwa kubwa, kwa hiyo walijihesabu kwa kushuka: kumi ya chini, ishirini ya chini, hivyo hivyo hadi tisini ya chini, ambayo ndiyo Shimo lenyewe. Nyumba zilining'inia sawasawa, hata aliyekaa Shimoni hakumwaga uji wake. Na za mashariki na za magharibi zilijengwa zikitazamana, kila kilicho kulia huku kikiwa kushoto kule, na katikati ya yote ilikuwapo ekseli, nyeusi, nene, yenye kelele zake.

Mara moja kwa mwaka ekseli ilianza kulia. Ikilia hivyo watu wote walishuka ili ipakwe mafuta, na siku hiyo iliitwa Siku ya Grisi. Sasa sikiliza jambo la mji huu. Mtu akigusa ardhi kwa unyayo wake siku ile, alisahau mlango wake, na alisahau aliyeko nyuma ya mlango huo. Jina lake mwenyewe lilimponyoka pia, likarudi tu akiitwa na mtu wa kwao. Kazi yake aliikumbuka, na deni la chumvi la jirani alilikumbuka, maana kusahau nako kuna upendeleo. Lakini kwao palikuwa pamefutika, na mkononi alibaki na kijiti tu.

Kijiti kilichongwa siku mtoto alipozaliwa, na kilikuwa na mikato mitatu. Mkato wa kwanza ulieleza kimo, yaani mlango uko juu au chini ya ekseli kwa kiasi gani. Kimo kikubwa kabisa kilikuwa moja, na hakuna aliyezidi moja hata awe na maringo namna gani. Wa juu ya ekseli waliachiwa mkato mweupe, na wa chini wakachomewa mkato wao kwa moto ukawa mweusi. Mkato wa pili ulieleza kivuli, yaani mlango umekaa ubavuni kwa umbali gani, mweupe kwa mashariki, mweusi kwa magharibi. Mkato wa tatu ulieleza mteremko wa kamba inayotoka kwenye ekseli kwenda mlangoni. Huo ulikuwa mweupe pale mikato miwili ya kwanza ilipokubaliana rangi, na mweusi ilipotofautiana. Kwa hiyo mtu mwenye weusi wawili mteremko wake ulikuwa mweupe, kana kwamba masikitiko yake mawili yamefutana.

Mikato ilikuwa mitatu, na chini ya gurudumu zilikuwapo nyumba tatu za makarani: Nyumba ya Vimo, Nyumba ya Vivuli na Nyumba ya Mteremko. Kila ukoo ulikuwa na nyumba yake. Mtu alitoa kijiti, karani akasoma mkato wa nyumba yake, akamtajia mlango. Makarani peke yao waliruhusiwa viatu siku ile, kwa hiyo unyayo wao haukugusa ardhi na hawakusahau. Adabu ilimtaka karani aifunge mikato mingine miwili kwa kitambaa kabla hajasoma, maana kusoma mkato wa nyumba nyingine kulihesabiwa sawa na kufunua chungu cha jirani. Vitambaa vingi vilikuwa vimeshonewa tangu utotoni, na mtu aliweza kuishi mpaka akazikwa bila kukiona kijiti chake chote.

Na sheria ilikuwa jibu moja. Inasemekana zamani karani mmoja alikuwa mkweli mno. Mtu akamletea kimo cha nusu, naye akamwambia kwamba kimo hicho kina milango miwili, wa thelathini na wa mia na hamsini. Yule mtu alitembea kati ya milango hiyo miwili mpaka akafia njiani. Wakubwa wakakaa, wakasema afadhali jibu moja linalokosea mara mojamoja kuliko mawili yanayoua. Nyumba ya Vimo ikajitwalia upande wa mashariki, kutoka Shimoni hadi Kileleni, maana humo kila kimo kina mlango mmoja tu. Nyumba ya Vivuli ikajitwalia nusu ya juu, kutoka Kizingiti cha Mashariki hadi cha Magharibi. Nyumba ya Mteremko nayo ikachukua mashariki, ikaviacha Kilele na Shimo, kwa kuwa kamba iliyosimama wima haina mteremko wa kutajika. Kila nyumba ilitosheka. Hakuna aliyewahi kuvilaza vipande vitatu pamoja atazame kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa robo nzima ya gurudumu, kutoka Kizingiti cha Magharibi kushuka mpaka Shimoni. Sidhani kama kuna aliyeidhulumu robo ile. Waliachiana tu, kama vyombo vya karamu, kila mmoja akidhani mwenzake ataosha.

Sikudhani alikuwa karani wa Vimo. Alikaa mlango wa sitini ya chini, na alikaa hapo tangu Siku ya Grisi yake ya kwanza, alipokuwa na miaka sita. Siku hiyo alirudishwa kwa bibi mmoja asiye na watoto ambaye alimpokea bila kuuliza, kwa kuwa jibu ni jibu. Bibi alimlea vizuri, akamfundisha kusuka na kuhesabu, akafa. Nyumba ikawa ya Sikudhani, na hakuwa na la kulalamikia isipokuwa jambo dogo la mtungi. Mtungi wa maji ulikaa kulia kwa mlango. Kila alfajiri, kabla macho hayajafunguka vizuri, mkono wake wa kushoto ulinyooka ukagusa ukuta. Miaka ishirini na sita. Ukutani pale palikuwa pamepata doa laini, linalong'aa kidogo, la ukubwa wa kiganja. Aliwahi kuuhamishia mtungi kushoto, lakini hapo palikuwa na jiwe la kusagia, na nyumba nzima ikawa haikaliki. Akaurudisha.

Alikuwa mtu wa kudadisi, tena wa kudadisi vitu visivyompa faida. Aliulizauliza kwa nini ekseli hulia kwa sauti ya mwanamke, kwa nini moja na si mbili. Wenzake walimtania kwamba akifa ataiuliza sanda imefumwa wapi.

Siku ya Grisi ninayoisimulia, foleni yake ilikuwa imekwisha na jua liko usawa wa alasiri, alipokuja mwanamume mmoja mwenye mabega mapana na miguu iliyotembea ardhini kwa mashaka, kama asiyeizoea. Kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa uzi mwekundu. Katika mji ule uzi huo ulifungwa na mume ambaye mkewe amefikia saa ya kujifungua, na haukukatwa mpaka mtoto alie. Sikudhani alifunga kitambaa kijiti chake, akasoma. Nusu, nyeusi. Kitabu cha majibu cha nyumba yake hakikuwa na mzunguko wa maneno: thelathini ya chini. Akamtajia, akamtakia heri, mtu akaenda.

Akarudi.

Hilo lilikuwa halijatokea. Watu waliondoka na majibu, hawakurudi nayo. Alisimama mbele ya meza akaeleza taratibu kwamba mlango ule ameufungua, na ndani amemkuta mzee anakula viazi. Mzee amemkaribisha vizuri sana na kumwonyesha pa kulala, maana jibu ni jibu, lakini hana mke humo na hajapata kuwa naye.

"Jibu lako sahihi, dada," alisema. "Ila si langu."

Sikudhani akamuuliza alishuka kufanya nini. Alisema ameshuka kumwita mtu. Mtu gani? Akautazama uzi wake.

"Ningemjua nisingepanga foleni. Najua tu kwamba nilikuwa nakimbia."

Basi karani alikichukua kijiti mara ya pili, akasoma upya, na mkato haukubadilika. Kilichobadilika ni yeye. Haya yaliyompitia kichwani nayaandika kama yalivyokuja, bila kuyapanga, maana hayakupangika.

Nusu, nyeusi. Thelathini ya chini. Hakuna kosa.

Hakuna kosa, na mtu amesimama hapa.

Kama hesabu haina kosa na mtu hana kosa, kosa linakaa wapi? Lina mlango wake?

Mlango hutoa kimo. Kila mlango, kimo chake, bila shaka. Sasa kimo nacho hurudisha mlango? Au hurudisha mlango tunaoutaka sisi? Nikimwaga maji kwenye kata nikayarudisha mtungini, ni maji yale yale. Nikimshusha mtu nikampandisha, je?

Ni wangapi walikaribishwa viazi wakakaa?

Mtungi uko kulia. Mkono unakwenda kushoto.

Hapo alijikanya, maana mambo ya mtungi hayakuwa ya ofisini. Nje, mafundi wa kukandika walikuwa wameanza kuchanganya udongo. Ilikuwa kazi yao kila Siku ya Grisi: jua likikaribia kuzama walipanda robo ile isiyotajwa na kitabu chochote, wakaikandika milango yake yote ili upepo usipige kelele humo. Udongo wao ulikuwa na chokaa na ulikauka kwa saa moja. Sikudhani alikuwa amewaona wakipanda na ndoo miaka yote hiyo, na hata mara moja hakuwahi kujiuliza kwa nini milango ambayo haina watu huhitaji kukandikwa tena kila mwaka. Yeye, mdadisi. Aliona aibu kweli kweli.

Akachukua mkasi akafumua kitambaa.

Mwanamume alishtuka akageuza uso, kama mtu aliyefunuliwa nguo. Mkato wa pili ulikuwa mweusi. Wa tatu ulikuwa mweupe. Sikudhani hakujua kuisoma, maana hakufundishwa, lakini rangi haihitaji shule. Alifunga meza yake kabla ya wakati, jambo ambalo pia halijapata kutokea, akamwambia yule mtu amfuate.

Nyumba ya Mteremko ilikuwa jirani. Karani wake, Bwana Ngwali, alikuwa mtu mpole aliyechoka kuulizwa na watu wa Kileleni na Shimoni ambao hakuwa na jibu lao, kwa hiyo alifurahi kuletewa kijiti chenye mkato mweupe, safi, wa kawaida. Alikifunga kitambaa chake cha kijani bila hata kutazama, akasoma, akasema thelathini. Thelathini ya juu, mashariki, mahali pazuri, pana jua la asubuhi. Sikudhani alimwambia kwamba kimo cha mtu huyu ni cheusi, yuko chini ya ekseli. Bwana Ngwali akasema kwa upole kwamba hayo ni mambo ya Vimo na yeye hayajui, na wala asingependa kuyajua.

Katika Nyumba ya Vivuli alikuwapo Bi Mashavu, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, karani kwa siku moja ya mwaka na mkunga kwa siku nyingine zote. Naye alikifunga kijiti kitambaa, cheupe, akasoma: kivuli kirefu, cheusi. Mia na hamsini. Magharibi, juu. Akanyoosha mkono wa kumpungia mtu kwaheri, ndipo akauona uzi. Akakishika kile kidole gumba, akaubonyeza uzi kwa ukucha, akaunusa.

"Uzi huu wa leo," alisema. "Uchungu umekwisha kumshika. Mtu huyu anafanya nini hapa?"

"Anatafuta kwao, bibi."

"Nimemtajia. Mia na hamsini. Aende mbio."

Sikudhani akamweleza majibu yote matatu, na habari ya mzee wa viazi. Bi Mashavu alikasirika kwanza, maana kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, akasema nyumba yake haijapata kukosea tangu isimamishwe. Sikudhani akakubali kwamba haijakosea. Hakuna iliyokosea. Akaomba ungo.

Ungo ulikuwa ukutani. Akaulaza mezani, akaomba kunde, akapewa. Ukingo wa ungo ukawa mji. Akaweka kunde moja mahali pa thelathini ya chini, akisema hii ni yangu. Akaweka ya pili mahali pa thelathini, akisema hii ya Bwana Ngwali. Akaweka ya tatu mahali pa mia na hamsini, akisema hii yako, bibi. Wakazitazama. Kunde tatu zilikaa kama pembe tatu za mkeka, moja chini kulia, moja juu kulia, moja juu kushoto. Kona ya nne ilikuwa tupu.

Nadhani ungo ule ulizungumza na kila mmoja wao kwa namna yake. Mwanamume aliona mahali, basi, na moyo wake ukaanza kwenda mbio bila kumwambia sababu. Bi Mashavu aliona mtoto aliyekaa vibaya tumboni, ambaye kila mkono unaomgusa unagusa kiungo na kudhani ni mtoto mzima. Sikudhani aliona ukweli umelala pale mezani, na hakuna nyumba iliyokuwa nao peke yake. Kimo kilijua chini lakini hakikujua upande. Kivuli kilijua upande lakini hakikujua chini. Mteremko ulijua kwamba wawili hao wamekubaliana rangi, lakini haukujua walikubaliana juu ya nini. Majibu matatu ya kweli yalikuwa yamemzunguka mtu mmoja, na mtu mwenyewe hakuwamo katika hata moja. Alijikuta anatabasamu, ingawa haikuwa saa ya kutabasamu, kwa raha ile ya kuona kitu kinakaa mahali pake.

Akaweka kunde ya nne.

"Chini kwa nusu, magharibi kwa kivuli kirefu," alisema. "Mia mbili na kumi."

"Mlango huo haumo kitabuni," alisema Bi Mashavu.

"Haumo hata katika changu. Nauliza kama upo."

Bi Mashavu alikwisha inuka. Alikuwa anakunja mikono ya gauni lake na kutafuta mkoba wake wa ukunga, na alipoupata alimgeukia mwanamume akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama si mkunga aliyeshuka kumwita. Mwanamume alifunua mdomo. Halafu akakaa chini akalia, kwa sababu alikuwa amelisahau lile neno, na sasa amerudishiwa.

Walipandia Shimoni, ngazi za magharibi, ambazo hazikuwa na nyayo za foleni. Huko juu mafundi walikuwa wamekwisha anza, kutoka Kizingiti cha Magharibi wakishuka, na sauti ya miko yao ilisikika ikiparuza. Bi Mashavu alipanda akihema na kutukana ngazi moja moja. Milango ilikuwa ya kawaida, ya mbao, lakini pembezoni mwa kila mlango palikuwa na maganda ya udongo wa mwaka uliopita, yamevunjika, na Sikudhani alipookota ganda moja aliona kwa ndani yake alama za viganja. Akaokota jingine. Viganja vikubwa, viganja vidogo. Watu wa robo ile walijua saa ya mafundi. Walijifungia kimya siku nzima wasije wakashushwa na kurudishwa kwingine, wakasubiri miko ipite, wakasukuma udongo kabla haujakauka. Kwa hiyo waliishi humo, wazima, wenye majiko na ugomvi na nyimbo, na mji mzima uliosifika kwa kuhesabu haukuwahesabu. Lakini kusukuma kulitaka mikono yenye nguvu, na mwanamke aliye katika uchungu peke yake hasukumi ukuta.

Walipita mlango mmoja, na mkono wa kushoto wa Sikudhani ukanyooka. Aliuona ukinyooka. Akaurudisha kifuani akaendelea kupanda, kwa kuwa kulikuwa na haraka.

Mafundi walikuwa mlango wa mia mbili na tisa. Msimamizi wao, mtu mwenye chokaa mpaka kwenye nyusi, aliwaona akasimamisha mwiko hewani.

"Msikandike huu," alisema Sikudhani. "Una mtu."

"Kwa jibu la nani?"

Alifikiri kidogo. Sheria ilitaka jibu moja, na yeye alikuwa nalo moja, ingawa lilichukua nyumba tatu na ungo. "Langu," alisema. "Na hiyo mliyokwisha kandika, irudieni sasa hivi mkabishe hodi. Mkijibiwa, bandueni."

Msimamizi akasema katika ukoo wao wamekandika hapa vizazi vinne na hakuna aliyewahi kubisha. Bi Mashavu alimsukuma kando kwa bega, akafungua mlango wa mia mbili na kumi, akaingia na mkoba wake, akaufunga. Mwanamume alikuwa amesimama kizingitini, haingii, anaogopa, maskini, kwamba na hili litakuwa jibu sahihi lisilo lake. Ndipo sauti ya mwanamke kutoka ndani, iliyochoka, iliyojaa hasira ya mtu aliyesubiri, ikaita:

"Vuai. Umekwenda kumzaa huyo mkunga?"

Jina lilimwingia likakaa. Akaingia.

Sikudhani alibaki nje akiegemea ukuta. Alisikia mafundi wanabisha mlango wa mia mbili na tisa, kwa woga, kama wageni. Kimya. Wakabisha tena, na ndani mtu akakohoa, akauliza nani. Mafundi wakatazamana. Wakaendelea kupanda, wakibisha, na kila mlango ulipojibu msimamizi alitua ndoo yake chini akakaa juu yake kidogo kabla ya kwenda mwingine, na sauti za kubandua udongo mbichi zikaanza kusikika. Jua lilikuwa limegusa ukingo wa dunia mtoto alipolia. Alilia mara moja, akanyamaza, kisha akalia kwa kujiamini.

Bi Mashavu alitoka mikono imelowa, uzi mwekundu uliokatwa umemning'inia kidoleni. Alisema ni msichana, na mama ni mzima ila ana ulimi. Alijifuta, akakaa karibu na Sikudhani, wakapumzika. Kisha akanyoosha kiganja.

"Lete chako."

Sikudhani alijua anataka nini. Kijiti chake kilikuwa shingoni, kitambaa kimeshonewa na bibi yule marehemu, uzi kwa uzi, kwa upendo. Alikuwa amefumua cha mtu mwingine bila kusita, lakini chake akakifunika kwa kiganja. Alisema angojee mpaka kesho. Bi Mashavu akamwambia mficha uchi hazai, akautoa mkasi wa ukunga, akafumua mwenyewe.

Kimo walikijua wote: cheusi, kirefu, sitini ya chini. Chini yake, mahali ambapo Sikudhani hakuwahi kupaona, ulikuwapo mkato wa pili. Nusu. Mweusi.

"Kitabu changu kingekwambia mia na ishirini," alisema Bi Mashavu polepole, na wote wawili wakauona ungo akilini, na kona yake tupu.

Hakuhitaji kunde. Aliteremka ngazi peke yake, akihesabu milango kwa sauti ndogo, na mafundi hawakuwa wamefika huku, walikuwa bado juu wakibandua walichokandika. Mia mbili na thelathini na nane. Na tisa. Mlango aliousimamia ulikuwa ule ule ambao mkono wake uliunyookea walipokuwa wakipanda. Maganda ya udongo yalikuwa yamerundikana kando yake, ya miaka mingi, na alama za kiganja kwa ndani zilikuwa za mtu mmoja tu. Akaokota ganda la juu kabisa, akaweka kiganja chake juu ya alama. Vililingana, isipokuwa vidole vya alama ile vilikuwa vimepinda kidogo, kama vya mtu mzee.

Alibisha. Hakusubiri kujibiwa. Alisukuma mlango, akaingia kwenye giza la nyumba asiyoikumbuka hata kidogo, na kabla macho yake hayajazoea, mkono wake wa kushoto ulinyooka.

Mtungi ulikuwapo. Kata ilikuwa juu yake, imefunikwa kwa kitambaa kisafi. Alitumbukiza vidole, na maji yalikuwa ya leo.